Jiwe la Chini ya Figa

Nikiwa mtoto, kulikuwa na Mutomo mbili. Kulikuwa na ile ya kila siku, ya vumbi na mbuzi na jua la kupasua midomo, na kulikuwa na ile niliyoiona kupitia jiwe la nyanya yangu. Sisi Wakamba nyanya tunamwita Susu. Susu wangu, mama yake baba, alikuwa na jiwe la manjano, ukubwa wake kama punje ya mahindi, na siku akiwa na raha alinikalisha mlangoni akaniazima. Nilifumba jicho moja, nikaliweka kwenye la pili, na uwanja wote ukawa asali. Vilima vilielea. Mbuzi walipita polepole bila miguu. Hata wale kuku wake wenye kelele za kuudhi walionekana kama wamenyamaza, ingawa masikio yangu yaliwasikia vizuri tu.

"Rudisha sasa," Susu alisema baada ya muda. "Rudisha ushahidi wangu."

Sikujua ushahidi ni nini. Nilidhani ndilo jina la jiwe.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Aliyewahi kuniuzia maembe yaliyooza anajua. Ulimi huu niliurithi pamoja na jina, kwa sababu mimi na Susu tuna jina moja, na kwetu mjukuu aliyepewa jina la nyanya ni nyanya mwenyewe amerudi mdogo. Tuliitana somo. Tulitaniana kama watu wa rika moja, na mama alipojaribu kunichapa kwa utundu, Susu alimwuliza, "Aiya! Unampiga mama mkwe wako?"

Ng'ambo ya uwanja ule ule kulikuwa na nyumba nyingine, na ndani yake mwanamke mwingine, mke wa pili wa babu. Sisi watoto tulimwita Susu wa Ng'ambo. Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, akawaacha hao wawili milango yao ikitazamana. Hawakuwa wanagombana. Ugomvi una maneno, na hawa hawakuwa na neno hata moja. Walipishana kwenye njia ya kwenda mtoni jinsi mtu anavyopishana na mti. Na sisi tuliambiwa hivi: chezeni popote, lakini kwa Susu wa Ng'ambo msile kitu. Hata maji msinywe.

Kunikataza mimi jambo ni kunituma nikalifanye. Siku moja niliingia kwake nikachukua kiazi kitamu kilichokuwa kando ya meko, nikauma.

"Kwani hukuambiwa usile hapa?" akauliza.

"Niliambiwa."

Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuamka.

"Basi kula polepole," akasema, "kisikukwame."

Nilienda kukaa nyuma ya zizi nikingoja kufa. Nilingoja sana. Mwishowe nikasikia njaa nikaenda nyumbani.

Hadithi yenyewe niliipata kwa vipande, kipande leo, kipande wakati wa kuvuna kunde, hadi ikakamilika. Babu alikuwa akichimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka akapata jiwe la zambarau. Alipotaka kuoa mke wa pili, akampa Susu jiwe hilo la kumfuta machozi. Susu alinieleza rangi yake mara nyingi, na kila mara ilikuwa rangi nyingine. Leo ilikuwa ya tunda la zambarau lililoiva hadi kupasuka. Kesho ilikuwa ya shingo ya njiwa akigeuka juani. Nilipomwambia anadanganya, alikasirika kweli. "Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa bado uko mgongoni mwa Mungu!"

Jiwe hilo alilificha mahali ambapo mwanamke wa Kikamba angeficha roho yake kama ingewezekana: chini ya figa. Meko yetu ni mawe matatu, na lile kubwa la mwenye nyumba haliguswi na mtu mwingine. Alilisogeza, akachimba kidogo tu, akalilaza jiwe ndani ya kigae cha chungu, akafunika kwa kigae kingine, akarudisha figa na kuwasha moto. Baada ya muda akajifungua. Mwanamke aliyejifungua hatoki wala hapiki, na moto wa nyumba yake hauruhusiwi kuzimika mchana wala usiku, mtoto asije akapigwa na baridi. Aliyeletwa kuutunza moto huo alikuwa yule mke mdogo, msichana bado, mwenye mtoto wake wa kike aliyeanza tu kusimama dede.

Susu alipotoka kitandani alisogeza figa lake. Vigae vilikuwa palepale. Ndani yake kulikuwa na jiwe la manjano.

Lilikuwa na ukubwa ule ule na umbo karibu lile lile, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwizi hakuiba tu, alitafuta na linalofanana ili amfanye mjinga. Na nani mwingine alikuwa amekaa kwenye meko yale? Kikulacho ki nguoni mwako. Akapiga kelele, wazee wakaitwa, na mke mdogo akaambiwa aape kwa kithitu. Hicho ni kiapo cha Wakamba, na wanakiogopa kuliko simba: ukiapa uongo, kinakuua wewe na damu yako, na anayekula nawe kinaweza kumfuata. Yule msichana akaapa kwamba hakuchukua kitu.

Mvua zilizofuata, surua ilipita vijijini. Watoto wengi walikufa. Wa kwake pia alikufa, na hakupata mwingine. Kwa hao wengine watu walisema surua. Kwa huyo mmoja walisema kithitu.

Ndivyo ilivyokuwa. Susu baadaye aliokoka, akatupa hirizi zote, akawa wa kuanzisha nyimbo kanisani kwa sauti ya kutikisa mabati. Lakini jiwe la manjano hakulitupa. Alilifunga kwenye pindo la leso yake, na ukimwuliza mbona hamsamehe mwenzake, alisema, "Nimsamehe vipi na hajaomba?"

Nilipochumbiwa, miaka ya themanini, aliniita akanifungulia pindo lile.

"Somo, utavaa pete?"

"Nitavaa."

"Basi nitafutie jiwe la zambarau. Hili uende nalo liwe kipimo. Nataka nikione kile nilichoibiwa kwenye kidole chako, na mwenye macho ng'ambo ile naye akione."

Kanisani kwetu pete ya mviringo mtupu ilivumiliwa, lakini yenye jiwe ilikuwa ni majivuno, na akina mama kadhaa walikuja kumwonya. Susu akawaambia wahubiri wenyewe wanasema misingi ya ule mji wa mbinguni ni vito vitupu. "Sasa mkifika huko mtakanyaga wapi? Wacha sisi tuanze kuzoea." Walinywa chai yao wakaondoka.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa Makueni, mpole kama maziwa, na yeye ndiye aliyenipeleka kwa sonara wa mji wa Sultan Hamud. Huyo alikuwa Mhindi mzee mwenye duka jembamba karibu na reli. Upande mmoja kulikuwa na saa za watu zilizosimama, kila moja ikionyesha wakati wake, na upande mwingine pete na hereni. Gari moshi la mizigo lilipopita, kabati zote zilitetemeka. Mzee aliinua mkono, akangoja behewa la mwisho lipite, kisha akaendelea na maneno pale pale alipoyaachia. Mle ndani nilisahau kama nje kuna jua.

Alitandika kitambaa cheupe, na kwa kibano akapanga juu yake mawe ya zambarau, yote yakinikonyeza.

"Hili ni kioo," akasema. "Zuri kwa watoto, zuri kwa maigizo. Hili la pili limetengenezwa na watu, huko ng'ambo. Wanaliotesha ndani ya chombo cha chuma, polepole, kama wewe unavyootesha maharagwe. Si uongo, mama. Ni amethisto, ndilo jina la jiwe hili la zambarau, mwili ule ule. Ila mlima halikuujua. Na hili la tatu limetoka ardhini. Tazama ndani."

Akanipa lenzi. La mashine lilikuwa safi kabisa, kama maji ambayo hakuna mtu ameyagusa. La ardhini lilikuwa na utandu ndani yake, kitu kama moshi wa asubuhi uliosimama juu ya nyumba za watu. Nilipotea humo. Nilitembea kwenye moshi ule, nikamwona babu nisiyemjua ameinama mchangani, mgongo wake unang'aa jasho, anacheka peke yake kwa alichokiona. Mchumba wangu alilazimika kunigusa bega.

"Na mtu asiye na lenzi atajuaje?" nikauliza.

"Kioo, weka mdomoni. Kinapata joto upesi. Hayo mengine mawili hubaki baridi. Sasa hayo mawili kuyatofautisha," akatikisa kichwa, "hapo utaniamini mimi."

"Chukua la mashine," mchumba wangu akasema. "Halina doa, si ghali, na ni nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe na nani?"

"Mimi na Susu. Kwani wewe unaoa mtu mmoja?"

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Ndipo nikatoa lile la manjano na kumwambia nataka la zambarau la ukubwa huo. Akalichukua bila kulijali, akaliweka chini ya lenzi, halafu akaacha kucheka. Akaligeuza. Akalipeleka mlangoni kwenye mwangaza.

"Nani alilipika hili?"

"Kupika?"

"Mama, mimi nikichomelea pete, jiwe la zambarau natoa kwanza naliweka mbali. Kwa nini? Moto ukilikalia, rangi inakimbia. Linabaki manjano. Hili lilikuwa zambarau. Njoo uone hapa pembeni."

Nikaona. Kwenye pembe moja, ndani kabisa, kulikuwa na kivuli chembamba cha zambarau, kama doa la wino kwenye shati lililofuliwa mara nyingi. Nilikuwa nimeliweka jiwe lile jichoni utoto wangu wote, na sikuwa nimewahi kukiona.

Gari moshi likapita. Mzee akainua mkono, kabati zikatetemeka, na mimi nikawa nimesimama katikati ya kelele ile nikimwona msichana mwembamba ameinama kwenye meko yasiyo yake. Anapuliza. Anaongeza kuni kabla hazijaisha, anaamka alfajiri kuangalia kama moto bado upo, ili mtoto wa mke mwenzake asipigwe na baridi. Yeye ndiye aliyelipika. Alilipika kwa wema. Machozi yalinitoka palepale dukani, na mchumba wangu akadhani nimekataliwa bei.

"Na haya mengine?" nikamwuliza mzee nilipopata sauti. "Yakipikwa?"

"La ardhini litageuka. La mashine pia litageuka, nimekwambia ni mwili ule ule. Kioo hakigeuki. Kitakaa na rangi yake hadi kipasuke."

Nilinunua la ardhini. Lile la kioo alinipa bure, akasema ni la kuchezea watoto watakapokuja.

Nilirudi Mutomo na hayo matatu kwenye kitambaa, la Susu, la ardhini na la kioo, na nikamweleza Susu yote bila kupunguza. Nilidhani atalia. Alinipandia kama moto wa nyasi.

"Moto unapika chakula, haupiki rangi! Nani amekutuma? Umekula nyumbani kwa yule mwanamke tangu ukiwa mdogo, unafikiri sikujua? Sasa amekuingia tumboni unamtetea!"

"Susu, tazama pembe hii."

"Macho yangu hayaoni pembe!"

"Basi tulipike lingine uone!"

Tulipigiana kelele hadi kuku wakakimbia. Halafu Susu akakaa chini, akanyoosha miguu, akaomba kitambaa. Niliyaweka yale mawili ya zambarau kwenye kiganja chake, na kwa macho yake ya uzee yalikuwa mapacha.

"Lipi halitageuka?" akauliza.

"La kioo."

"Na linajulikanaje?"

Nikamwambia habari ya mdomo. Hapo nilielewa alichoshika. Akichagua kioo, jiwe litatoka zambarau, na yeye atakufa akiwa ameibiwa, msafi, mwenye haki. Hakuna mtu Mutomo ambaye angemwuliza. Hata mimi, nawaambia ukweli, sijui kama ningefungua mdomo. Ng'ambo ya uwanja Susu wa Ng'ambo alikuwa anapeta kunde kwenye ungo, ametupa mgongo.

Susu aliweka la kwanza kwenye mdomo wake, akafumba macho. Akaliondoa. Akaweka la pili. Alikaa nalo kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka jina. Kisha akanyoosha mkono akanipa.

"Hili ndilo baridi," akasema. "Pika hili."

Alisogeza figa mwenyewe. Alichimba kidogo, kama zamani, akaweka kigae, akafunika kwa kingine. Tukapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ambayo hula kuni bila huruma, na muthokoi ulipoiva tukapika mwingine. Moto haukuzimika. Majirani walidhani tumepata wageni. Siku hizo zote Susu hakuimba, alikaa tu akitazama ndimi za moto zikipanda na kushuka, na mara nyingine alilala ameketi, midomo ikimchezacheza. Mimi pia nilikuwa kama mtu wa ndotoni. Moshi ulinijaa kichwani, nikimwangalia nikaona nimejiangalia mimi.

Tulipofungua kigae, jiwe langu lilikuwa la manjano.

Ndilo lililo kwenye pete yangu hadi leo. Watu huniuliza ni jiwe gani, nami huwaambia ni la kupikwa.

Susu alilishika likiwa bado vuguvugu. Akaniambia nimletee leso yake ya kanisani. Akajifunga vizuri, akayachukua mawe yote mawili ya manjano, lake na langu, akavuka uwanja. Uwanja wenyewe si kitu, mbuzi anauvuka akitafuna. Yeye alisimama katikati kupumua. Nilitaka kumshika mkono akanisukuma.

"Hodi hapa," akasema mlangoni.

Nyumba hiyo watu hawakuzoea kuipigia hodi.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mke mwenzako."

Tuliingia. Susu alikaa chini sakafuni, yeye mwenye kiti cha mbele kanisani, na akasema yote kwa mkupuo, kwa sababu angepumzika asingemaliza. Jiwe halikuibwa. Aliliweka mahali pa moto, na mwenzake akatunza moto, na moto ukala rangi. Amepika lingine, limegeuka vilevile, hili hapa. "Hukuchukua kitu," akasema. "Uliapa kweli. Nisamehe."

Susu wa Ng'ambo aliyapokea mawe akayaweka kwenye kiganja. Aliyapindua kwa kidole.

"Mimi nililitafuta," akasema kwa ile sauti yake ya mtu aliyetoka kuamka. "Watu wakikuambia jambo sana, linaingia. Nilisema labda nililichukua usingizini. Nimechimba nyumba hii yote. Pale. Na pale chini ya kitanda. Nikisema nikilipata nitalirudisha."

Susu aliangua kilio. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia, na kilikuwa kibaya, hakina sauti ya kuimbia. Mwenzake hakuonekana kumsikia. Alikuwa ameinua macho, anatazama mlangoni, chini kidogo, mahali ambapo kichwa cha mtoto anayesimama dede kingekuwa.

"Kwa hivyo yule mtoto," akasema, "alikufa na surua."

"Surua," Susu akasema. "Ilikuwa surua, dada."

"Si mimi."

"Si wewe. Surua tu."

Mwenzake akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akainuka, akateka maji ya mtungini kwa kata, akamletea. Susu akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akanipa na mimi.